Mashine Moja, Watumiaji Wengi: Majibu kwa Wanaopuuza Dosari za Ndani ya Kompyuta

Kwenye maduka ya steshenari ya Mwanza, kuanzia Makoroboi na Mlango Mmoja hadi vibanda vilivyo jirani na chuo cha SAUT kule Malimbe, kompyuta ni ya kila anayepita. Mwanafunzi anajaza maombi ya mkopo wa HESLB, anapisha. Mwenye mzigo wa dagaa kutoka Ukerewe anachukua kontroo namba, anapisha. Mwalimu anachomeka flashi, anaskani vyeti vyake, anachapa barua, anaondoka. Wote wamepita kwenye mashine ileile, na mara nyingi kwenye akaunti ileile, ambayo ndiyo akaunti ya msimamizi.

Ndiyo maana inaniuma kusikia jinsi mafundi wetu, wanafunzi wa TEHAMA na hata wakuu wa ofisi wanavyozichukulia kwa wepesi dosari za kujipandisha mamlaka. Nazungumzia makosa yaliyomo ndani ya mfumo endeshi, uwe Windows, Linux, Android au macOS, yanayomwezesha mtu aliyepewa ruhusa ndogo ajitwalie ruhusa zote. Mtumiaji wa kawaida anageuka msimamizi. Programu iliyofungiwa kwenye kona yake inatoka na kuishika kerneli, ile sehemu ya mfumo inayoamua nani asome faili gani na nani aguse kifaa gani. Madai ya kuzipuuza dosari hizi nimeyasikia mengi, na hapa nayajibu. Baadhi yana ukweli ndani yake, nami nitaukubali pale ulipo.

"Dosari ya namna hiyo si ya kutisha, maana mpaka mtu aitumie lazima awe ameshaingia kwenye mashine."

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na linasemwa na watu wanaoijua kazi. Hata vipimo rasmi vinalipa nguvu. Kwenye CVSS, utaratibu unaotumika duniani kuzipa dosari alama hadi 10, dosari inayomhitaji mtu awe tayari ndani ya mashine hupunguziwa alama. PwnKit, dosari ya Linux iliyotangazwa Januari 2022, ina 7.8. Dirty Pipe, nayo ya Linux, ya Machi mwaka huohuo, ina 7.8. Zerologon ya Windows ya mwaka 2020, ambayo nayo ni ya kujipandisha mamlaka ila hutumika kupitia mtandao, ilipewa 10 kamili. Fundi mwenye kazi nyingi akiiona orodha hiyo anaanza na ile ya 10, na zile za 7.8 zinasubiri mpaka zinasahaulika.

Sasa tuulizane: kwenye duka la steshenari, "ameshaingia" ni nani? Kila mteja ameshaingia, kwa sababu ndiyo biashara yenyewe. Kila mwanafunzi wa maabara ya kompyuta ameshaingia. Kila karani anayepokea zamu ameshaingia. Mashine ya namna hiyo ni nyumba ya wapangaji: mlango wa mbele uko wazi mchana kutwa, ua ni wa wote, na kinachomlinda kila mtu ni kufuli la chumba chake. Dosari ya kujipandisha mamlaka ni ufunguo mmoja unaofungua vyumba vyote. Ukimwambia mpangaji asihofu kwa kuwa mwizi huyo lazima kwanza awe amepanga humohumo, hujamwondolea hofu yoyote.

Kuna atakayesema kwamba kama wateja wote wanatumia akaunti ya msimamizi, hakuna cha kupandia, kwa kuwa wameshafika juu. Ni kweli, na hapo ndipo kazi inapoanza. Kabla ya kiraka chochote, yaani sasisho la kuziba dosari, mwenye duka atengeneze akaunti ya wateja isiyo na haki za msimamizi, na ya kwake aiwekee neno la siri lisiloandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Ni kazi ya dakika chache, haigharimu bando wala senti. Ila baada ya hapo mpaka kati ya akaunti hizo mbili unabeba mzigo wote, na kila dosari inayouvunja inakuwa habari ya duka hilo moja kwa moja.

Suala hili ni la zamani kuliko Windows. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, MIT ya Marekani ilikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kubwa kwa wakati mmoja, kwani hapakuwa na wa kununua ya peke yake. Kila mtu alikuwa na neno lake la siri na mgawo wake wa saa. Mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, aliona saa zake hazimtoshi. Akapeleka ombi kwamba mfumo umchapie faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote, nao ukamchapia. Hakuvunja mlango, alikuwa mtumiaji halali mwenye akaunti halali. Mwaka 1966, kwenye CTSS hiyohiyo, faili mbili za muda zilichanganyika, na kila aliyeingia akapokewa na orodha ya maneno ya siri ya wenzake mahali palipotakiwa kuwa na tangazo la siku. Wazo lote la kumtenga mtumiaji mmoja na mwingine ndani ya mashine moja lilizaliwa na uhaba wa mashine, uhaba uleule tulio nao sisi kandokando ya Ziwa Victoria. Wenye kompyuta kila mmoja na yake ndio waliopata nafasi ya kuliona kama jambo dogo, nasi tumeupokea mtazamo wao bila kuwa na hali yao.

Halafu wapo wanaoingia kutoka mbali. Agosti 2016 Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu wa Umoja wa Falme za Kiarabu, alipokea kwenye iPhone yake ujumbe wenye kiungo. Hakukibonyeza, aliupeleka kwa watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto. Wao na wenzao wa kampuni ya Lookout wakakuta mnyororo wa dosari tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kivinjari, na peke yake ingempa mshambuliaji nafasi finyu ndani ya kivinjari hicho. Ya pili ilifichua kerneli imekaa wapi kwenye kumbukumbu ya simu. Ya tatu ikaikamata. Ni hizo mbili za ndani ambazo zingeigeuza simu nzima kuwa sikio na jicho la mtu mwingine. Programu ya ujasusi iliyokuwa nyuma ya mnyororo huo ilikuwa Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israeli, na Apple ilitoa kiraka, iOS 9.3.5, tarehe 25 ya mwezi huohuo. Anayedhani hayo ni ya huko Ghuba tu akumbuke Desemba 2021, shirika la habari la Reuters liliporipoti kwamba iPhone za watumishi wasiopungua 9 wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zilidukuliwa kwa zana za kampuni hiyo. Watumishi hao walikuwa Uganda au walishughulikia mambo ya Uganda, nchi tunayochangia nayo maji haya.

Kwa hiyo mtu anapouliza dosari ya ndani ina uzito gani, mimi humjibu kwamba kuingia humpa mshambuliaji nafasi, na kupanda ndiko humpa mali.

"Sisi tunatumia Linux. Hayo ni ya Windows."

Linux naipenda na nitaipendekeza kabla sijamaliza makala hii. Lakini dai hili lina madhara, kwa sababu linamfanya msimamizi wa seva alale usingizi akiwa na deni la viraka la miaka. PwnKit ilikuwa ndani ya pkexec, programu ndogo inayokuja na mifumo mingi ya Linux, tangu toleo lake la kwanza la 2009. Pkexec hufanya kazi kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu hata inapoitwa na mtumiaji wa chini kabisa, utaratibu uliobuniwa na Dennis Ritchie enzi za Unix ya mwanzo ili watu wa kawaida waweze kufanya mambo machache ya kiusimamizi. Kosa lilikuwa dogo. Programu haikuhakikisha kwamba imepewa walau hoja moja, yaani neno la kuielekeza, ilipoitwa. Ikiitwa bila hoja yoyote, inasoma kupita mpaka wa orodha yake na kuchukua kitu kilichowekwa na mshambuliaji. Miaka zaidi ya 12 ilipita kabla watafiti wa kampuni ya Qualys hawajaiweka hadharani.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Januari 2021, Qualys haohao walitangaza dosari ya sudo, programu inayomruhusu mtumiaji aliyeidhinishwa kuendesha amri kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu. Waliiita Baron Samedit. Ilikuwamo tangu 2011, na mtumiaji yeyote wa mashine aliweza kuitumia, hata asiyetajwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutumia sudo. Dirty COW, iliyogunduliwa na Phil Oester mwaka 2016 baada ya kuikuta ikitumika kwenye shambulio halisi, ilikuwa ndani ya kerneli tangu 2007. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, mwenyewe alieleza kwamba aliwahi kujaribu kulirekebisha tatizo hilo miaka 11 kabla na marekebisho yake hayakusimama.

Uzuri wa Linux ni kwamba kazi hizi hufanyika mbele ya macho ya watu. Mifumo mikubwa ilikuwa na kiraka cha PwnKit siku ileile dosari ilipotangazwa, na asiyeweza kusasisha aliweza kujikinga kwa amri moja ya kuivua pkexec mamlaka yake. Lakini kiraka kilichotoka siku ileile hakimsaidii mtu ambaye seva yake ya shule iliwekwa na mfadhili, ikafungiwa kabatini, na haijaguswa tangu aliyeiweka aondoke.

"Basi tununue za Apple."

Novemba 2017 ilibainika kwamba kwenye macOS High Sierra mtu aliweza kuandika "root" kwenye sehemu ya jina, akaacha neno la siri wazi, akabonyeza mara kadhaa na kuwa mtumiaji mkuu. Apple ilirekebisha kesho yake. Sina la kuongeza hapo.

"Mashine yangu ina antivairasi."

Antivairasi ni mlinzi mzuri wa vitu vinavyojulikana. Dosari ya kujipandisha mamlaka iko kwenye mfumo wenyewe ambao antivairasi imekalia, na wa kwanza kuzimwa na mtu aliyefika juu ni huyo mlinzi. Iweke, ila usiitegemee kwa kazi isiyo yake.

"Kuapdeti kunamaliza bando na kuharibu mashine. Kompyuta ya kuchapa haihitaji."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anayesema hivi mara nyingi ni mwenye duka anayelipa bando kutoka mfukoni mwake, na hasemi uongo. Masasisho ya mwezi mmoja ya Windows yanaweza kufika mamia ya megabaiti kwa kila mashine. Yakianza kushuka saa nne asubuhi wakati foleni imejaa, mtandao unakwama na wateja wanahamia duka la pili. Mashine nayo inaweza kujizima katikati ya kazi ili ikamilishe.

Lakini kusema kompyuta ya kuchapa haihitaji viraka ni kuligeuza jambo juu chini. Dosari iliyotikisa Windows yote mwaka 2021 ilikuwa kwenye uchapaji wenyewe. Ndani ya Windows kuna huduma inayopanga foleni ya kazi zinazokwenda kwa printa, nayo huendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Huduma hiyo iliruhusu mtumiaji wa kawaida aongeze programu ya kuendeshea printa, na haikukagua vya kutosha ni nini hasa kinachoongezwa. Mtu alileta faili lake ovu kwa jina la programu ya printa, mfumo ukaliendesha kwa mamlaka yote. Microsoft ilitoa kiraka cha dosari inayofanana na hiyo tarehe 8 Juni 2021. Mwishoni mwa mwezi watafiti wa kampuni ya Sangfor walichapisha namna ya kuishambulia wakiamini imeshazibwa, kumbe walichofichua kilikuwa bado wazi. Walipoondoa chapisho lao, nakala zilikuwa zimeshasambaa. Dosari hiyo ikapewa jina la PrintNightmare, na kuanzia tarehe 6 Julai Microsoft ilianza kutoa viraka vya dharura nje ya ratiba yake, hadi kwa Windows 7 ambayo ilikuwa imeacha kuihudumia tangu Januari 2020.

Je, viraka hivyo vilileta usumbufu? Ndiyo. Baadhi ya printa, hasa za kuchapa lebo, ziligoma, na kuanzia Agosti mwaka huo kuongeza programu ya printa kukahitaji haki za msimamizi. Mwenye duka aliyekutana na hilo ana haki ya kulalamika. Ninachokataa ni hitimisho lake kwamba ni bora kuacha kabisa. Kompyuta ya steshenari ndiyo hasa mashine ambayo huduma ya uchapaji haiwezi kuzimwa, na ndiyo ambayo flashi za watu wasiojuana hupishana kutwa nzima. Ofisi isiyo na printa ingeweza kuizima huduma hiyo na kukaa salama. Steshenari haina njia hiyo.

Gharama ya bando inapunguzika. Windows ina mpangilio unaoruhusu mashine moja ipakue masasisho, kisha kompyuta nyingine zilizo kwenye mtandao huohuo wa ndani ziyachukue kwake bila kupakua kila moja kivyake. Wenye maabara za Linux wanaweza kuweka mashine moja ihifadhi vifurushi vya masasisho kwa ajili ya nyingine zote. Saa za kazi zinaweza kutajwa ili mfumo usijizime wakati wateja wapo. Kupakua kunaweza kufanywa kwa bando la usiku, ambalo huwa la bei nafuu. Haya yangetakiwa kufundishwa kwenye kila kozi fupi ya kompyuta jijini, pamoja na Word na Excel.

"Windows ya kukraki ni ileile. Fundi anapiga Windows kwa bei ndogo, kazi inaendelea."

Angalia fundi anavyofanya. Anaweka mfumo, kisha anaendesha programu ya kuuamsha bila leseni, na maarufu kati yao ni KMSPico. Programu hiyo haina tovuti rasmi inayotambulika. Kila mtu anaichukua anakoiona kwanza. Ili ifanye kazi, anatakiwa azime kinga ya Windows na aipe haki za msimamizi. Hebu fikiria: mshambuliaji ambaye angehitaji dosari kama PrintNightmare ili apande, hapa anakabidhiwa mamlaka yote kwa hiari na anaondolewa mlinzi njiani. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza ilivyokuta vifurushi vya kuwekea KMSPico vikiwa vimebeba Cryptbot, kirusi kinachoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za fedha za kidijitali. Kwenye mashine ambayo watu wazima na watoto wao wameingia kwenye akaunti zao za barua pepe, wizi huo haumpati mmoja.

Simlaumu fundi peke yake. Leseni halali ni ghali ukilinganisha na pato la duka dogo, na hakuna anayemwonyesha mwenye duka kwamba Linux yenye LibreOffice inatosha kwa barua nyingi na maombi ya mtandaoni. Lakini bei ndogo aliyolipa haikujumuisha kila kitu alichotoa.

"Simu ukiiruti unakuwa huru, na ikipata kirusi unairisiti, kwisha."

Kuruti simu ni kuitumia dosari ya kujipandisha mamlaka dhidi ya simu yako mwenyewe. Towelroot, iliyotolewa Juni 2014 na George Hotz, ilitumia kosa la kerneli ya Linux na ilifungua simu nyingi za Android za wakati ule kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mwenye simu ana haki ya kufanya hivyo, na wapo wanaojua wanachofanya. Ila Android imejengwa kwa namna ambayo kila programu hutambulika kwenye kerneli kama mtumiaji tofauti, ili mchezo wa mpira usisome kilichomo kwenye programu ya benki. Ukiiruti simu na kugawa ruhusa hovyo, umeubomoa ukuta huo kwa mkono wako. Na programu ovu haihitaji umeiruti wewe. Septemba 2017 kampuni ya Trend Micro ilieleza kuhusu ZNIU, ya kwanza kujulikana kutumia Dirty COW kwenye Android. Ilionekana kwenye nchi zaidi ya 40, ilijificha ndani ya programu zaidi ya 1,200, na njia mojawapo ya kujipatia pesa ilikuwa kufanya malipo kwa ujumbe mfupi kwa siri kwa kutumia laini ya mwenye simu. Sisi ambao mshahara, mchango wa harusi na fedha za mzigo wa sangara vyote hupita kwenye laini ya simu tunajua hapo wizi unapiga wapi.

Kuhusu kurisiti, hili ndilo linalowagharimu watu. Mwaka 2020 Kaspersky walichambua xHelper, programu ovu iliyokuwa ikirudi hata baada ya simu kurudishwa ilivyotoka kiwandani. Iliweza kujipandisha hadi mamlaka ya juu hasa kwenye Android 6 na 7 za watengenezaji wa China, ikajinakili kwenye sehemu ya mfumo ambayo kurisiti hakuifuti, na ikabadilisha faili la mfumo ili mtumiaji mwenyewe asiweze kuiondoa. Dawa ni kuiflashi simu upya, yaani kuiwekea mfumo wote upya. Hata hapo Kaspersky walionya kwamba baadhi ya mifumo ya kuflashia simu za bei nafuu huja na uchafu huohuo ndani yake, kwa hiyo fundi anapochukua faili la kuflashia popote anapolipata mtandaoni anaweza kuwa anairudisha xHelper kwa mkono wake. Agosti 2020 BuzzFeed News na kampuni ya Upstream waliripoti kwamba simu za Tecno W2 zilikutwa na xHelper na programu ovu nyingine, Triada, zikiwa zimewekwa tangu mwanzo, nchini Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Kampuni inayotengeneza simu hizo ilisema chanzo kilikuwa mgavi mmoja njiani na kwamba ilishatoa marekebisho ya Triada mwaka 2018. Marekebisho hayo, kama mengine yote, yanamfikia aliyeyapokea na kuyaweka.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye kugawiwa walimu ni vifaa vya Android pia. Mwalimu aliyenacho kule Sengerema au Kome anaweza kufungua mipangilio na kuangalia tarehe ya kiraka cha usalama cha mwisho. Afisa elimu anayekusanya tarehe hizo kwa shule zake angejua kwa siku moja hali ya wilaya nzima.

"Wanaotafuta na kutangaza dosari ndio wanaowafundisha wezi. Wafungwe."

Nimesikia hili likisemwa ukumbini, mbele ya wanafunzi, na lilinihuzunisha kwa sababu walikuwemo vijana ambao wangeweza kuwa watafiti. Dirty Pipe iligunduliwa na Max Kellermann, mhandisi wa Ujerumani, kwa sababu wateja wa kampuni yake walilalamika kuwa faili zao za kumbukumbu zinaharibika. Malalamiko ya kwanza yalikuja Aprili 2021. Aliyafuatilia kwa miezi mingi, akaona uharibifu unatokea zaidi mwisho wa mwezi, hadi Februari 2022 akafika kwenye kosa la kerneli. Aliwaarifu wasimamizi wa kerneli na timu ya Android kwanza, viraka vikatoka, ndipo akatangaza. Bila uvumilivu wake kosa hilo lingebaki, na kimya kisingemzuia mwingine asilikute.

Sheria yetu nayo isisomwe kinyume. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, kwenye kifungu cha 4 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Inagusa pia kumiliki, bila uhalali, programu zilizotengenezwa kwa ajili ya kutenda makosa hayo. Mwanafunzi anayejaribu PwnKit kwenye seva ya chuo bila ruhusa anajitafutia kesi, na mimi siwezi kumtetea. Anayeijaribu kwenye mashine yake ya mazoezi, aliyoiweka mwenyewe na kuikata mtandao, anajifunza ufundi ambao nchi inauhitaji. Akigundua jambo jipya, ipo TZ-CERT, timu ya taifa ya usalama wa kompyuta, ndani ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliyoanzishwa kwa mujibu wa sheria ya mawasiliano ya EPOCA ya 2010, kushughulikia mambo hayo. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, mwenye kukusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Duka linalobaki na skani za vitambulisho vya NIDA vya wateja lianze kwa kuzifuta kila jioni.

"Mashine inawaka, inachapa. Windows 10 bado iko vizuri."

Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za mtumba zinazouzwa hapa mjini haziruhusiwi rasmi kupokea Windows 11, kwa sababu inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inadai kichakataji cha kizazi cha 8 na kuendelea. Kwa hiyo dai hili si la uvivu. Wengi hawana pa kuhamia. Lakini mfumo ulioacha kupata viraka haubaki ulivyokuwa siku ile. Windows 10 na 11 zinachangia sehemu kubwa ya kerneli. Kila mwezi Microsoft inapoziba dosari kwenye 11, mshambuliaji analinganisha faili la zamani na jipya, anaona palipozibwa, kisha anakwenda kupajaribu kwenye 10 ambako pako wazi. Kiraka cha jirani kinageuka ramani.

Zipo njia mbili ninazoweza kuzisimamia. Moja ni mpango wa Microsoft wa viraka vya nyongeza kwa watumiaji binafsi, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipiwa dola 30, au unapatikana bila malipo kwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kupitia akaunti ya Microsoft. Nyingine ni kuhamia Linux, kwa mfano Ubuntu 24.04 ambayo huduma yake ya kawaida inakwenda hadi 2029 na inaendeshwa vizuri na mashine nyingi zilizokataliwa na Windows 11. Skana na printa zijaribiwe kwanza, maana si zote zinazokubali. Na kama fedha au muda vinatosha kwa mashine moja tu kwa sasa, ianze ile ya kaunta inayopokea flashi za kila mtu. Ya mwenye duka, iliyo ofisini nyuma na inayotumiwa na yeye peke yake, inaweza kusubiri mwezi ujao.